Mwamba Unapovutwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupima Mvutano na Ufa wa Mawe Maabara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa mlangoni, kwenye simu, na wakati mwingine na mteja aliyekwisha kukasirika kwa sababu ya ripoti. Wanaouliza ni wakandarasi, wanajiolojia, wanafunzi wa uhandisi wa migodi na wenye machimbo ya kokoto. Tumeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Kazi ya jiwe ni kubeba uzito. Mvutano unapimwa wa nini?

Kwa sababu jiwe halibanwi tu. Paa la handaki linaelemewa na uzito wake lenyewe, linapinda kama ubao uliowekwa juu ya vigogo viwili, na uso wake wa chini unavutika. Ukuta wa shimo la mgodi unavutika pale juu ukingoni. Hata jiwe ulilolibana kwa juu na chini hutanuka ubavuni, na huko ubavuni ndiko linakopasukia.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Unguja walilijua hili bila mashine. Jiwe la matumbawe walilipanga ukutani libanwe, lakini hawakulitegemea livuke chumba. Darini walilaza boriti za mikoko kwanza, ndipo yakaja mawe na chokaa juu yake. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti.

2. Mwamba unahimili mvutano kiasi gani ukilinganisha na mgandamizo?

Kidogo sana. Kwa miamba mingi ni kati ya sehemu moja ya kumi na moja ya ishirini. Granaiti nzima inayohimili mgandamizo wa megapaskali (MPa) 150 inaweza kupasuka kwa mvutano wa MPa 8 au 10. Ukitaka kuiona namba hiyo kwa macho, chukua kijiti cha jiwe chenye upana wa sentimita moja kwa sentimita moja, ukitundike, kisha mtu wa kilo 80 aning'inie. Hapo kijiti kinavutwa kwa takriban MPa 8.

Sababu ni nyufa. Mwaka 1920 mhandisi Mwingereza Alan Arnold Griffith aliwasilisha kazi yake juu ya kioo, akaonyesha kwamba kioo hakina nguvu tunayotegemea kwa sababu kimejaa nyufa ndogo zisizoonekana, na mkazo hujilimbikiza kwenye ncha zake. Mwamba una nyufa za namna hiyo mipakani mwa chembe zake. Ukiubana, nyingi zinafumba, ukiuvuta, zinafumbuka. Nadharia yake ilitoa uwiano wa nane kwa moja kati ya mgandamizo na mvutano. Mwamba halisi huwa na tofauti kubwa zaidi ya hiyo, kwa sababu nyufa zikifumba nyuso zake husuguana.

3. Nguvu ya mvutano na ustahimilivu wa ufa si kitu kimoja?

Hapana, na ripoti nyingi zinachanganya. Nguvu ya mvutano inakwambia jiwe zima litapasuka likivutwa kwa mkazo gani, na kipimo chake ni MPa. Ustahimilivu wa ufa unaanzia mbali zaidi: tayari kuna ufa, je, unahitaji nini ili ukimbie? Kipimo chake kina sura ya ajabu, MPa kuzidisha kipeuo cha pili cha mita (MPa√m), kwa sababu urefu wa ufa wenyewe umo ndani ya hesabu. Namna ya kuupima iko swali la 10.

## Jaribio la Brazili

4. Mnakibana kisahani cha jiwe, halafu mnasema mmepima mvutano. Inawezekanaje?

Chukua kisahani, kisimamishe kwa ukingo wake kama gurudumu, kisha kibane kutoka juu na chini. Kinataka kutanuka kushoto na kulia, kwa hiyo kwenye mstari wa wima unaopita katikati yake nyenzo inavutwa pande mbili. Katikati kabisa, mgandamizo wa wima ni mara tatu ya mvutano wa mlalo. Lakini mwamba unahimili mgandamizo mara kumi na zaidi, kwa hiyo mvutano ndio unaoshinda, na kisahani kinagawanyika vipande viwili.

Fundi anayepasua granaiti kwa kabari anatumia ujanja wa aina hiyo hiyo. Nyundo inasukuma chini, kabari inasukuma pembeni, na jiwe linafunguka kwa mvutano kufuata mstari wa matundu.

Hesabu hii hudanganya kwenye mawe laini sana, kama tufu (jiwe la majivu ya volkano) iliyooza au udongo uliokauka. Hayo hupondeka pale yanapoguswa na chuma kabla katikati haijavutika vya kutosha.

5. Kwa nini linaitwa jaribio la Brazili?

Mwaka 1943, mjini Rio de Janeiro, kulikuwa na mpango wa kufungua barabara pana ya Avenida Presidente Vargas, na kanisa la zamani la São Pedro lilikuwa katikati ya njia. Wakafikiria kulihamisha zima zima juu ya magogo ya duara ya zege. Mhandisi Fernando Lobo Carneiro alipewa kazi ya kuyapima magogo hayo, akaona kwamba yakibanwa ubavuni hupasuka wima katikati. Hapo akapata njia ya kupima mvutano wa zege. Mwaka huo huo Akazawa wa Japani naye alifikia wazo hilo kivyake. Kanisa lenyewe halikuhamishwa, lilibomolewa. Kilichobaki duniani ni jaribio.

6. Jaribio lenyewe linakwendaje?

Mwongozo tunaoufuata ni wa ISRM, chama cha kimataifa cha mekanika ya miamba, uliotolewa 1978. Choronge, yaani mche wa mwamba unaotoka kwenye mashine ya kuchoronga, huwa na kipenyo cha milimita 54 au zaidi. Tunaikata kwa msumeno wa almasi kuwa visahani vyenye unene wa takriban nusu ya kipenyo, na nyuso zake tunazisaga hadi ziwe bapa. Unene tunaupima kwa kalipa sehemu kadhaa, si moja. Ukingo tunauzungushia utepe wa karatasi mara moja, ule wanaotumia wapaka rangi, ili vinundu vidogo visichome jiwe.

Kisha kisahani kinawekwa kati ya taya mbili za chuma zilizopinda, nusu kipenyo cha mpindo wake kikiwa mara moja na nusu ya nusu kipenyo cha jiwe. Mzigo unapandishwa taratibu, karibu nyutoni 200 kwa sekunde. Kwa granaiti nzuri utasubiri kama dakika moja na nusu bila kuona chochote. Halafu unasikia "tak!" kavu moja, unga mweupe kidogo unaruka, na sindano inaanguka.

Hesabu ni fupi: mzigo mara mbili, gawanya kwa pai mara kipenyo mara unene. Kisahani cha kipenyo cha mm 54 na unene wa mm 27 kilichopasuka kwa kilonyutoni 18 kinatoa MPa 7.9. Ukikosea unene kwa milimita moja tu, ukaandika 26, jibu linaruka hadi 8.2.

7. Nilileta visahani kumi, ripoti ina majibu saba. Matatu mmeyapeleka wapi?

Hatukuyaficha, yako ukurasa wa nyuma pamoja na picha. Hili ndilo swali linaloleta ugomvi mwingi kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Mashine haijui jiwe limepasuka vipi. Inajua mzigo wa juu kabisa tu. Kwa hiyo kabla ya kuandika namba, tunavishika vile vipande mkononi. Ufa halali umepita kwenye mstari wa wima, au karibu nao, na umelikata jiwe jipya: uso unametameta, chembe za kwatzi na feldispa, madini yanayounda granaiti, zimekatika, hakuna rangi ya zamani. Tukikuta kabari ya unga chini ya taya na jiwe limemeguka pembeni, hapo tumepima kupondeka. Tukikuta uso wa ufa una kutu nyekundu au utando mweupe wa kalisaiti, huo ufa ulikuwepo kabla jiwe halijafika kwetu, na mashine imeumalizia tu.

Kuna mteja aliwahi kuleta granaiti. Majibu tisa yalikuwa kati ya MPa 8 na 10, moja likawa 2.1. Alitaka tuliingize kwenye wastani ili ripoti ionekane ina tahadhari. Uso wa kile kisahani ulikuwa na kutu theluthi mbili nzima. Namba 2.1 haikuwa ya granaiti wala ya ufa wa zamani. Ilikuwa mchanganyiko usio na maana. Tuliandika kwamba mwamba una nyufa za zamani zenye kutu, na habari hiyo kwake ilikuwa na thamani kuliko wastani wowote.

Namba kubwa kupita kiasi nayo tunaitilia shaka. Wakati mwingine kisahani hupasuka, sindano inashuka kidogo, kisha inapanda tena, kwa sababu zile nusu mbili bado zimesimama kama nguzo na zinaendelea kubeba. Mzigo wa haki ni ule wa mpasuko wa kwanza. Fundi aliyekwenda kunywa chai huku mashine ikirekodi kilele peke yake ataandika namba ya uongo bila kujua.

8. Mashine yangu ya kubana vipande vya zege inafaa?

Kwa kanuni, ndiyo. Zege lenyewe hupimwa mvutano kwa kupasuliwa ubavuni vivyo hivyo. Tatizo ni ukubwa. Mashine nyingi za zege zinafika kilonyutoni 2,000 au 3,000. Kisahani chako kitapasuka kwa 10 hadi 20. Ni kama kupima iliki kwenye mizani ya magunia ya mahindi. Tafuta mashine ndogo, au weka kipima mzigo kidogo chenye cheti chake kati ya taya na bamba.

## Kuvuta moja kwa moja

9. Si mngelivuta tu jiwe, mkaachana na hesabu za kuzunguka?

Tunaweza, na jibu lake ndilo safi zaidi. Choronge yenye urefu wa mara mbili na nusu hadi tatu ya kipenyo inagandishwa vifuniko vya chuma pande zote mbili kwa gundi ya epoksi, kisha inavutwa kwa minyororo ili isipinde. Ugumu uko kwenye neno hilo "isipinde". Kifuniko kikiwa kimekaa upande hata kidogo, upande mmoja wa jiwe unavutwa zaidi na jibu linashuka. Gundi ikiachia, au jiwe likikatika palepale chini ya kifuniko, siku nzima imepotea.

Kwa hiyo wengi hufanya la Brazili na kupunguza, kwa sababu lina tabia ya kutoa namba ya juu. Perras na Diederichs mwaka 2014 walikusanya vipimo vingi wakapendekeza uzidishe jibu la Brazili kwa 0.9 kwa miamba metamofiki (iliyogeuzwa na joto na mgandamizo), 0.8 kwa miamba ya moto (iliyoganda kutoka mwamba ulioyeyuka) na 0.7 kwa miamba tabaka (ya mashapo). Ni wastani, si sheria. Kama jengo lako linasimama au kuanguka kwa namba hiyo, lipia uvutaji wa moja kwa moja angalau kwa vipande vichache.

## Ufa

10. Ustahimilivu wa ufa unapimwaje?

Tunaanza kwa kulitia jiwe kidonda tunachokijua. Njia tunayoipenda ni ya nusu kisahani, ambayo ISRM iliitolea mwongozo 2014. Kisahani cha kipenyo cha milimita 76 au zaidi kinakatwa nusu kama chapati, na katikati ya upande ulionyooka tunachanja mfereji mwembamba usiozidi upana wa milimita moja na nusu. Nusu hiyo inalazwa juu ya vyuma viwili vya mviringo, mfereji ukiangalia chini, na chuma cha tatu kinashuka kutoka juu kwa kasi isiyozidi milimita 0.2 kwa dakika. Ufa unaanzia ncha ya mfereji na kupanda juu. Kutoka kwenye mzigo wa juu kabisa, urefu wa mfereji na vipimo vya jiwe, tunapata ustahimilivu.

Zipo njia za zamani zaidi, za 1988 na 1995, zenye mfereji wa umbo la V. Ubora wake ni kwamba ufa huanza kwenye ncha nyembamba na kujinoa wenyewe kabla ya kufika kilele. Ubaya wake ni kukata V hiyo iwe sawa pande zote mbili. Mkono ukitetereka, umeharibu jiwe.

11. Nikishaipata namba hiyo, naitumia wapi?

Tuseme granaiti yako imetoa MPa√m 1.5, namba ya kawaida kwa mwamba wa aina hiyo, na mahali fulani inavutwa kwa MPa 5. Ukiigawanya 1.5 kwa 5, ukaizidisha yenyewe kwa yenyewe, ukagawanya kwa pai, unapata mita 0.029. Hiyo ni nusu ya ufa. Kwa hiyo ufa ulio ndani ya mwamba wenye urefu wa sentimita 6 hivi, uliokaa kukingama na mvuto, utakimbia. Wa sentimita 2 utabaki palepale, walau kwa leo (swali la 12). Mkaguzi wa paa la handaki ananufaika na namba kama hiyo kuliko kuambiwa kwamba mwamba una MPa 8.

12. Jiwe limebeba mzigo mwezi mzima, kisha limepasuka usiku bila kuguswa. Ni nini?

Ufa uliokuwa ukitambaa. Chini ya kiwango cha kukimbia, ufa unaweza kusogea polepole sana, hasa penye unyevu, kwa sababu maji yanadhoofisha vifungo vya silikoni na oksijeni pale kwenye ncha. Ukifikia urefu wake wa kikomo, ndipo unapokimbia. Kwa sababu hiyo hiyo, mwendo wa mzigo lazima uandikwe kwenye ripoti: jiwe lile lile likipigwa haraka huonyesha nguvu kubwa kuliko likivutwa taratibu. Namba za mlipuko na namba za nguzo ya kudumu zisikae jedwali moja.

## Kutoka machimboni

13. Baruti inasukuma. Mvutano unatoka wapi?

Wimbi la mlipuko huondoka shimoni kama wimbi la mgandamizo. Likifika kwenye uso ulio wazi, hewa haiwezi kulibeba, kwa hiyo linarudi ndani likiwa limegeuka wimbi la mvutano. Mwamba uliohimili safari ya kwenda haumudu ya kurudi, na uso unabanduka mabamba mabamba. Gesi za baruti nazo huingia kwenye nyufa na kuzitanua. Ndiyo sababu shimo lisilo na uso wazi mbele yake linakula baruti nyingi na kutoa kokoto kidogo.

14. Sisi tunawasha moto juu ya granaiti, tunamwaga maji, inapasuka. Inapimika?

Inapimika. Maji ya baridi yanausinyaza uso ghafla huku ndani bado kukiwa na moto, kwa hiyo uso unavutwa. Kabla ya hapo moto wenyewe umeshafanya kazi: chembe za kwatzi na feldispa hutanuka kwa viwango tofauti, na kwatzi ikifika nyuzi 573 za selsiasi hubadili muundo wake na kutanuka kwa ghafla. Tukipima visahani kabla na baada ya kuvichoma, nguvu ya mvutano hushuka waziwazi. Jiwe lililochimbwa kwa moto lifanye kokoto ya njia. La kizingiti au ngazi tafuta lililopasuliwa kwa kabari.

## Kuleta sampuli

15. Nilete mwamba kiasi gani, na niutunzeje?

Kwa jaribio la Brazili mwongozo unataka visahani kumi. Vya mm 27 kila kimoja, ukiongeza kinacholiwa na msumeno na vitakavyovunjika, leta nusu mita ya choronge ya mwamba mmoja, si robo mita ya hii na robo ya ile. Andika namba ya shimo na kina kwa kalamu isiyofutika juu ya jiwe lenyewe. Karatasi ndani ya mfuko huwa uji.

Unyevu uwe ule wa ardhini: funga kwa plastiki, weka kivulini, na usizidishe siku 30. Maji hushusha nguvu ya mvutano ya karibu miamba yote, na yapo mawe ya mchanga yenye udongo yanayopoteza nusu au zaidi yakilowa. Choronge iliyokaa juani wiki tatu juu ya bati itakupa namba ya kupendeza ambayo mwamba wako chini ya maji hauna.

16. Mwamba wangu una mistari, kama naisi au shisti. Mtapima upande gani?

Pande zote mbili angalau, na wewe ndiye wa kutuambia mistari imelalaje kule chini. Ulanga uliojipanga hufunguka kama kurasa za kitabu: mvuto unaokingama na tabaka unakuta nguvu ndogo kabisa, unaofuata tabaka unakuta kubwa. Wastani wa pande hizo mbili usiandikwe popote.

## Kuzitumia namba

17. Je, kipimo cha nukta, kile kifaa kidogo cha mkononi, kinatosha?

Kwa kupanga mwamba madaraja huko huko kwenye eneo la kazi, kinatosha na ni rahisi. Koni mbili zinalibana jiwe nalo linapasuka kwa mvutano, lakini faharasa yake si nguvu ya mvutano yenyewe. Watu huizidisha kwa 20 hadi 25 kukisia mgandamizo. Kwa miamba yenye mistari kizidisho hicho kinaweza kuwa kati ya 15 na 50, yaani makisio tu.

18. Niweke MPa 8 zenu kwenye usanifu wa paa la mgodi?

Hapana. MPa 8 ni za kisahani kisicho na ufa kinachoenea kiganjani. Jiwe likiwa kubwa, nafasi ya kuwa na ufa mbaya ndani yake ni kubwa, na nguvu hushuka. Mlima wenyewe umekatwakatwa na nyufa za asili, na penye nyufa hizo wasanifu wengi huchukua mvutano kuwa sifuri. Namba yetu inafaa kwa mwamba ulio kati ya ufa na ufa: kukisia baruti, meno ya mashine za kukata, au bamba la paa ambalo ukaguzi umeonyesha halina mkato. Ukija kwa ajili ya paa, njoo na ramani ya nyufa za pale chini. Choronge peke yake tutaipokea, lakini ripoti itaandikwa wazi kwamba haihusu paa.